Kompyuta Ikikataa Programu Uliyopakua, Jua Kwanza Ni Nani Anayekataa

Mwezi wa Juni ukifika, wengi wanaokuja kwetu hapa Tudor, Mombasa, kutafuta msaada huja na tatizo lile lile. Wamepakua fomu ya Excel ya ritani ya kodi kutoka iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA), wameifungua, na juu yake kumetokea utepe mwekundu: Microsoft imezuia makro (amri ndogo ndogo zilizomo ndani ya faili, zinazoendesha vitufe vyake) kwa sababu chanzo cha faili hakiaminiki. Vitufe vya fomu havifanyi kazi, tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha, inakaribia, na huko saiba wamekwishaambiwa wazime antivirasi. Ushauri huo unanisikitisha. Unaiacha kompyuta bila kinga na fomu inabaki vile vile, maana utepe ule hautoki kwa antivirasi.

Unatokana na alama. Kivinjari kinapopakua faili kwenye Windows, hulibandika alama isiyoonekana kwamba limetoka kwenye intaneti. Kwa miaka mingi wahalifu walikuwa wakificha virusi ndani ya makro za Excel na Word, kwa hiyo mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro za mafaili yenye alama hiyo. Dawa yake ni fupi. Hakikisha fomu umeichukua wewe mwenyewe kwenye itax.kra.go.ke, si ile iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Funga Excel, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", na chini kabisa weka tiki kwenye "Unblock". Kama faili limekuja ndani ya zipu, ondoa alama kwenye zipu kabla ya kulitoa humo. Umefungua faili hilo moja tu. Ulinzi mwingine wote umebaki mahali pake.

Alama hiyo hiyo ndiyo inayoleta dirisha la buluu la SmartScreen, kinga ya Windows dhidi ya programu zisizojulikana, unapotaka kusakinisha programu. Hapa watu hushtuka bure, au hupuuza bure. Mara nyingi dirisha hilo halisemi kwamba virusi vimepatikana. Linasema programu haijulikani: waliokwisha kuipakua ni wachache, au mtengenezaji wake hajajenga sifa. Kijana aliyemwandikia mfanyabiashara wa Kongowea programu ya kuhesabu mali ya duka atakutana nalo, ingawa kazi yake ni halali kabisa. Basi thibitisha kabla ya kubofya "More info" kisha "Run anyway". Kwenye "Properties" tazama "Digital Signatures", uone jina la mtengenezaji ndilo unalolitarajia. Kama tovuti yake imechapisha namba ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, fungua dirisha la amri kwenye folda yenye faili, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Zikitofautiana hata moja na zile za tovuti, usisakinishe. Huenda faili limechezewa, au intaneti ilikatika katikati ya kupakua. Vyovyote iwavyo, lifute ulipakue upya.

Microsoft Defender, antivirasi iliyomo ndani ya Windows, ikisema imegundua tishio, hilo ni jambo jingine kabisa. Faili hutoweka kwenye folda ya Downloads kwa sababu limewekwa karantini, yaani limetengwa lisiweze kuendeshwa, na ukifungua "Protection history" utaliona jina la tishio. Simama hapo. Nawasihi hasa wanafunzi wanaotafuta programu za kulipia kwa njia ya kraki, yaani nakala zilizovunjwa kinga ili zitumike bila kulipa: ukurasa unaokuamuru uzime antivirasi kabla ya kusakinisha umekwisha kukuonya wenyewe. Ikiwa programu ni halali na unadhani Defender imekosea, lipeleke faili VirusTotal, ambako hukaguliwa na antivirasi nyingi kwa pamoja. Usipeleke huko hati zenye siri zako wala za wateja, kwa kuwa mafaili yanayopakiwa hugawiwa wataalamu wa usalama.

Dirisha linaloomba nywila ya msimamizi kwenye kompyuta ya ofisi au shule si hitilafu, mwone anayehusika. Wenye Mac wajue kwamba tangu macOS Sequoia ya mwaka 2024 ile njia ya kubofya kulia na kuchagua "Open" haifanyi kazi tena. Jaribu kuifungua programu, ikikataa nenda "Privacy & Security" kwenye mipangilio, ubofye "Open Anyway".

Linalonihangaisha zaidi ni laptopu za mitumba, nyingi zikiwa zimepita mikono kadhaa. Defender ikizimwa kwa muda, kwa kawaida hujiwasha yenyewe baadaye. Lakini fundi akiongeza folda kwenye orodha ya "Exclusions", folda hiyo haitakaguliwa tena hadi mtu aiondoe, na mwenye kompyuta hana habari. Fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", ushuke hadi "Exclusions". Ukikuta humo diski C nzima, au Downloads, iondoe leo. Ukiona maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na shirika, ilhali laptopu ni yako binafsi, kuna kanuni za mipangilio zilizoachwa na mwenye wa kwanza au na kraki. Nakili hati zako, kisha Windows isakinishwe upya.

Na kama umekwisha kuendesha kitu unachokitilia shaka, kata intaneti, kisha badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine. Endesha "Microsoft Defender Offline scan": kompyuta hujizima, ikajikagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15. Fedha au taarifa zikiwa zimeibwa, piga ripoti polisi na pia KE-CIRT/CC, kituo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na usifute lile faili kabla hawajakuelekeza.