Vifaranga 50, mipimo 578: tunavyokosea kusoma ukuaji wa wanyama

Ndani ya R, programu ya kompyuta ya takwimu, mna data ya uzito wa vifaranga iitwayo ChickWeight, na wanafunzi wengi wa takwimu huipitia mapema. Ni vifaranga 50 waliogawanywa katika lishe nne: 20 kwenye lishe ya kwanza, na 10 kwa kila moja ya zile tatu nyingine. Walipimwa siku ya kuanguliwa, kisha kila baada ya siku mbili hadi siku ya 20, na mara ya mwisho siku ya 21. Nimeichagua kwa sababu makosa mengi yanayofanywa kwenye modeli mseto zisizo za mstari, yaani zile zinazochora ukuaji kwa mstari uliopinda na kuruhusu kila mnyama atofautiane na kundi lake, yanaonekana humo kwa macho.

Dhana: Mipimo 578 ni ushahidi 578.

Sivyo. Mipimo 12 ya kifaranga mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Aliyewazidi wenzake juzi, leo pia huenda akawazidi. Tena aliyepewa lishe ni kifaranga, si mpimo, kwa hiyo swali la lishe linajibiwa na vifaranga 50 tu. Ukilisahau hilo utapata kosa sanifu (kipimo cha shaka iliyomo kwenye makadirio) dogo mno, na utatangaza tofauti ambayo pengine haipo. Hapo ndipo athari nasibu, yaani tofauti ya kila mnyama na kundi, zinapohitajika: kila mnyama anapata mkunjo wake wa ukuaji, na mikunjo yote inahesabiwa kuwa ya kundi moja.

Dhana: Tukipata wastani wa kila siku na kuupitishia mkunjo mmoja, tumemjua kifaranga wa kawaida.

Fikiria vifaranga wawili. Mmoja anashika kasi siku ya 10, mwingine siku ya 20. Wastani wao utapanda polepole kwa siku nyingi, mpando ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupanda. Ndiyo maana, katika modeli isiyo ya mstari, mkunjo wa mnyama wa kawaida na wastani wa mikunjo ya kundi ni vitu viwili. Ukiweka athari nasibu zote kuwa sifuri, unachochora ni cha kwanza. Anayetaka kujua banda zima litatoa kilo ngapi anahitaji cha pili, naye lazima akihesabu kwa kupitia mtawanyo wa wanyama wenyewe.

Dhana: Mkunjo ukilala vizuri juu ya nukta, vigezo vyake, yaani namba zinazoupa umbo, vinaeleza biolojia ya mnyama.

Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Mchukue kifaranga namba 1. Alianza na gramu 42, akamaliza siku ya 21 akiwa na gramu 205. Ukimpitishia mkunjo wa lojistiki, wenye umbo la S unaopanda kisha kutulia kwenye ukomo, nukta zinakaa vizuri sana. Kisha soma kigezo cha ukomo, yaani uzito ambao mkunjo unauelekea: gramu 937, na kosa sanifu lake ni kama 466. Siku ya kufikia nusu ya ukomo huo ni ya 35, wiki mbili baada ya mpimo wa mwisho! Mzani haukuwahi kufika huko. Ukiinua ukomo na kuisogeza mbele siku ya nusu, mkunjo ndani ya zile siku 21 haubadiliki sana, kwa hiyo data haiwezi kuchagua. Kuandika kwenye ripoti kwamba kifaranga huyu "angekomaa na gramu 937" ni kumsingizia.

Jina la mkunjo nalo lisikutishe. Mkunjo wa Gompertz, unaotumiwa sana kwa kuku, unatokana na kazi ya Benjamin Gompertz ya mwaka 1825 kuhusu vifo vya binadamu. Ni umbo linalofaa, halijawa sheria ya ukuaji.

Dhana: Programu ikishindwa kufika kwenye jibu, ibadilishwe programu.

Mara nyingine tatizo ni namba za kuanzia, yaani makisio ambayo programu inaanza nayo kutafuta jibu, na hilo hurekebishika. Lakini mara nyingi programu inakuambia kile alichokuonyesha kifaranga namba 1: unaidai data kitu isichokuwa nacho. Kila kigezo kupewa athari nasibu si lazima. Ondoa ile ambayo mtawanyo wake unakaribia sifuri, au andika mkunjo upya ukitumia kigezo kinachoonekana, mfano uzito wa siku ya 21. Dawa ya kweli ni kuendelea kupima hadi ukuaji upungue.

Dhana: Wanyama wenye rekodi pungufu waondolewe.

Vifaranga 45 tu ndio wenye rekodi hadi siku ya 21. Namba 18 ana mipimo miwili, gramu 39 na 35, basi. Namba 15 anaishia siku ya 14 akiwa na gramu 68, siku ambayo namba 1 alikuwa na 125. Waliokatika njiani walikuwa wakidorora. Ukiwafuta, lishe yao itasifiwa bila haki. Modeli mseto haihitaji wote wawe na idadi moja ya mipimo. Mwenye michache huvutwa kuelekea kundi, mwenye mingi hujisemea mwenyewe. Ila hiyo inasaidia pale tu ambapo uzito ulioandikwa ulitoa dalili kabla rekodi haijakatika.

Yupo pia namba 24, wa lishe ya pili, mwenye rekodi kamili. Siku ya 21 alikuwa na gramu 74, wakati namba 35 wa lishe ya tatu alifika 373. Wengi hushawishika kumfuta wakidhani namba imekosewa, lakini fuata safu yake: tangu siku ya 6 hakutoka kati ya gramu 66 na 76. Huyo hakupimwa vibaya. Alidumaa, na mfugaji anayeifikiria lishe ile ana haki ya kujua kwamba alikuwepo.