Kiini cha yai si salama kwa kila mtoto mwenye mzio

Wazazi wengi wameamini kwa muda mrefu kwamba mtoto mwenye mzio wa yai hudhuriwa na ute tu, hivyo ukimpa kiini peke yake hakuna neno. Imani hii ina chanzo chake: protini zinazoleta mzio mara nyingi zaidi zimo kwenye ute. Lakini kiini nacho kina protini zake, na wapo watoto ambao miili yao huzikataa hizo pia.

Tena kutenganisha kwenyewe ni kwa kubahatisha. Pasua yai bichi, hamisha kiini kutoka ganda moja hadi jingine, kisha kitazame kwa karibu. Utaona ute unaning'inia, na kile kikamba cheupe kimeng'ang'ania ubavuni. Kwa mtoto mwenye mzio mkali, kiasi hicho chaweza kutosha.

Kupika husaidia baadhi ya watoto, si wote: ovomukoidi, mojawapo ya protini za ute, hustahimili moto. Majaribio ya namna hiyo mwachie daktari. Ukinunua chakula cha pakiti, soma orodha ya viambato. Albumini na lisozimu mara nyingi hutoka kwenye yai.

Mtoto akila yai kisha sauti ikakwaruza, akahema kwa shida, akatapika mfululizo au akalegea ghafla, hiyo ni dharura hata kama ngozi haina kipele. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Dawa ya kutuliza mwasho peke yake haitoshi.