Je, wajua? Chuma pia hupitisha umeme bila ukinzani

Umeme wa jotoardhi unaofuliwa Olkaria, kaunti ya Nakuru, husafirishwa kwa nyaya hadi Kisumu, na sehemu yake hupotea njiani ikiwa joto kwa sababu ya ukinzani. Zipo metali ambazo zikipozwa mno, ukinzani huo hutoweka kabisa. Mwanafizikia Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliligundua hilo katika zebaki mwaka 1911, kwenye baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri.

Elektroni hapo hutembea jozi jozi. Katika metali za kawaida, mitetemo ya atomu ndiyo huzifunga, na usumaku huzitenganisha. Kwa hiyo chuma, chenye usumaku, kilihesabiwa kuwa adui. Kisha mwaka 2008, kundi la Hideo Hosono nchini Japani likatangaza kampaundi ya chuma na aseniki isiyo na ukinzani kwenye kelvini 26, sawa na nyuzi 247 chini ya sifuri. Kabla mwaka haujaisha, kampaundi za jamii hiyo zilifika kelvini 55. Adui amegeuka vipi?

Jibu linalokubaliwa na wengi, nami naliona zuri ajabu, ni hili. Ndani ya kampaundi hizi elektroni zimegawanyika makundi mawili kulingana na mwendo wake. Usumaku unaoyumbayumba huzirusha jozi kutoka kundi moja hadi jingine, na mrusho huo kwa kawaida huzisukuma elektroni zitengane. Lakini jozi huelezwa kwa wimbi. Kwenye maji ya Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Kisumu, wimbi linapoinuka hapa huwa limebonyea pale. Vivyo hivyo, wimbi la jozi likiwa chanya katika kundi moja na hasi katika jingine, msukumo uleule huzifunga. Hiyo chanya na hasi haihusu chaji, kwani elektroni zote zina chaji hasi.

Ugumu ni kulithibitisha jibu hilo. Vipimo vingi huonyesha ukubwa wa nguvu ya jozi bila alama yake, yaani kama wimbi lake ni chanya au hasi. Nyutroni, chembe za atomu zisizo na chaji, zilisaidia: zikirushwa kwenye kampaundi ya bariamu, potasiamu, chuma na aseniki, ishara mpya ya kisumaku hutokea ukinzani unapotoweka, palepale panapotarajiwa makundi yakiwa na alama tofauti.

Bado kuna fumbo: utando wa chuma na seleniamu wenye unene wa tabaka moja, uliotandazwa juu ya fuwele nyingine. Humo, moja ya yale makundi mawili ya elektroni halimo kabisa, na hata hivyo hupitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la juu kuliko bonge nene la kampaundi hiyohiyo. Mjadala wa alama za jozi zake unaendelea hadi leo.