Floraidi na meno ya kahawia

Hapa Mwanza wengi huamini kwamba floraidi, madini yanayopatikana kwenye maji, ni ya kuepukwa hata kwenye dawa ya meno, kwani ndiyo inayoyageuza meno kuwa ya kahawia. Imani hiyo haikutoka hewani: nani hajamwona mtu wa Arusha mwenye meno yenye madoa?

Ila madoa yale huanza utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, mtoto anapokunywa kwa miaka maji yenye floraidi nyingi, hasa ya visima vya maeneo ya volkano. Jino likishakomaa halipati madoa hayo. Floraidi kidogo inayogusa jino hurudisha madini yanayoliwa na asidi ya bakteria baada ya sukari (na chai yetu, tukubali, ina sukari).

Geuza tyubu usome: dawa ya mtu mzima huwa na floraidi ya ppm (sehemu kwa kila milioni) 1000 hadi 1500. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, dawa ya ukubwa wa punje ya mchele yatosha. Mnaotumia kisima, pelekeni maji maabara. Mwongozo wa kimataifa ni floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuonja hakusaidii, floraidi haina ladha.