27 Agosti: Vita vya Zanzibar, Krakatoa na Katiba ya Kenya

Ikifika 27 Agosti, orodha za "siku kama ya leo" huwa hazikosi mambo haya matatu: mlipuko wa Krakatoa mwaka 1883, vita vya Zanzibar mwaka 1896 na Katiba ya Kenya mwaka 2010. Tarehe zenyewe ni sahihi. Maelezo yanayoambatana nazo ndiyo yenye walakini.

Dhana: Vita vya Zanzibar vilidumu dakika 38 kamili, tena bila madhara makubwa.

Manowari za Uingereza zilianza kupiga mizinga saa 3:02 asubuhi, dakika mbili baada ya kwisha kwa muda aliopewa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha Sultani, ashushe bendera na kutoka kasrini. Mizinga ilinyamaza yapata saa 3:40. Hapo ndipo ilipotoka 38. Anayeanza kuhesabu saa 3:00 anapata 40, na wapo wanaofikisha 45. Ukitaka kuwa salama, andika "kati ya dakika 38 na 45".

Madhara je? Sehemu kubwa ya kasri ilikuwa ya mbao, na humo walijazana watu wapatao 2,800: walinzi, watumishi, watumwa na raia wa kawaida. Makombora yalipopiga, jengo lilishika moto na kuwaporomokea. Upande wa Khalid, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Uingereza aliumia baharia mmoja wa manowari Thrush, naye akapona. Merikebu ya Sultani, Glasgow, ilijibu mapigo ikazamishwa palepale bandarini, na kwa kuwa kina si kirefu, milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912. Kuvigeuza vita hivi kuwa kichekesho, kama wengi wanavyofanya, ni kuwakosea waliofukiwa na kasri lile.

Dhana: Walikuwa Waingereza upande mmoja, Wazanzibari wote upande wa pili.

Ugomvi ulikuwa wa kiti. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti, na siku hiyohiyo Khalid akaingia kasrini bila ridhaa ya Uingereza, iliyokuwa ikimtaka Hamoud bin Mohammed. Askari wa Kizanzibari wapatao 900, chini ya afisa Mwingereza Lloyd Mathews, walisimama na Waingereza. Alasiri ya tarehe 27 Hamoud akatawazwa.

Dhana: Khalid alifia kasrini.

Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, Wajerumani walileta mashua hadi kwenye bustani ya ubalozi, akapanda bila kukanyaga ardhi ambayo angeweza kukamatwa, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na St Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Tusichanganye majengo pia. Kasri lililoangamia siku ile ni Beit al-Hukm. Jirani yake, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), ilibaki imesimama. Kuporomoka kwa sehemu yake mwezi Desemba 2020 ni kisa kingine.

Dhana: Krakatoa ililipuka ghafla siku moja, na watu wakaunguzwa na lava.

Volkeno hiyo, iliyo katika mlango wa bahari wa Sunda baina ya Java na Sumatra, ilianza kutoa moshi na majivu tangu Mei 1883. Ilizidi makali alasiri ya 26 Agosti. Asubuhi ya tarehe 27 ikapiga milipuko minne mikubwa, na ule mkubwa kuliko yote ulitokea saa 4:02 kwa saa za huko. Sauti yake ilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita zipatazo 4,800, ikadhaniwa ni mizinga ya meli. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 36,417, na wengi wao walichukuliwa na tsunami. Ukitaja lava kuwa sababu, umekosea kisa chote.

Dhana: Wakenya waliipigia kura Katiba yao 27 Agosti 2010.

Kura ya maoni ilipigwa 4 Agosti, na takriban asilimia 67 walisema ndiyo. Tarehe 27 ndiyo siku Rais Mwai Kibaki alipoizindua rasmi katika bustani ya Uhuru, Nairobi, nayo ikaanza kutumika.

Si kila kipengele kilichoanza siku hiyo. Jedwali la Sita la Katiba hiyo liliahirisha baadhi ya mambo, na serikali za kaunti zilisubiri uchaguzi wa 4 Machi 2013. Wala usiiite sikukuu ya kitaifa kwa mujibu wa Katiba: kifungu cha 9 kinataja Madaraka, Mashujaa na Jamhuri pekee.