Kosyo ya ku parke haiko bei ya kutoka mu buloko

Huku kwetu Lubumbashi, kama banakukamatia mutoto, kitu ya kwanza familia inauliza ni "tulete ngapi atoke?" Njo pale matata inaanzia. Ile feza banaita kosyo (ku radio banasema dhamana) haiko amande (faini) na haiko matabishi (rushwa). Ni feza unaweka rehani: huyu mutu atakuja kila siku mutamuita, kama hakuje, feza ibakie kwenu. Akikuja siku zote na akitii na hukumu, banamurudishia, hata kama alishindwa kesi. Ile yenye hairudi ni amande transaksyoneli, ile unalipa juu kesi ikufie palepale, batu bengi banachanganya hizi mbili.

Tuseme kijana wa Katuba anauzisha matelefone ku soko ya Kenya (komine, haiko inchi!), patron anamupatia bidhaa, feza haionekane, patron anaenda kumushitaki abi de konfians (kula mali yenye ulipewa kwa kuaminiwa), kosa yenye inaweza kufika miaka 5. Konstitisyo ya Kongo ya 2006, artikle 18, inasema ku OPJ (polisi wa kufanya uchunguzi) hapite saa 48: bamuachilie ao bamupeleke ku parke (ofisi ya bashitaki ba serikali). Majistra wa parke akiona alama za nguvu za kosa anaweza kumufunga, lakini siku 5 zisipite bila kumufikisha mbele ya juge (hakimu), na juge akikubali ni siku 15, kisha banaongeza mwezi kwa mwezi. Ndiyo mama, mwezi kwa mwezi, njo maana kule Kasapa, gereza yetu, unakuta batu benye hawajahukumiwa na benye walishahukumiwa banalala pamoja.

Sasa ile konstitisyo, artikle 17, inasema uhuru njo sheria yenyewe, kufunga ni kwa nadra. Kwa hiyo kijana wetu, ao avoka (wakili) wake, anaweza kulomba liberte provizwari (kuachiliwa kwa muda) wakati dosie ingali inatembea. Juge anaweza kuitoa, majistra wa parke naye kama kesi haijafika ku tribinali. Haiko otomatiki. Mwenye hana adresi ya kueleweka, mwenye banaogopa kesho atavuka Kasumbalesa aingie Zambia, huyo ni nguvu kumuachilia, njo maana kabla ya kutafuta feza mi ningetafuta kwanza karatasi ya shefu wa kartye yenye kuonyesha fasi anaishi.

Na akitoka, kesi haiishe. Banaweza kumuambia abakie mu muji, asikanyange ku gare (stesheni), ajionyeshe ku ofisi siku fulani, asiharibu anketi (uchunguzi). Batu banazarau hii kabisa! Kijana anatoka leo, kesho anapanda gari ya Likasi ku kilio ya shangazi bila ruhusa, na pale anaweza kurudishwa ndani hata kama ile bidhaa hakuigusa.

Kosyo inalipiwa ku grefe (ofisi ya karani wa tribinali), na unatoka na resu (risiti) yenye jina, tarehe na hesabu. Yaya (dada mukubwa) yangu mumoja alitoa yake mu kulwari (koridori), kwa mutu mwenye alimuambia "mama, usijali, nitakuandikia kesho". Kesi iliisha vizuri, kijana alikuja kila mara, yaya akarudi kulomba feza. Ule mutu alishahamishiwa fasi ingine ya kazi, na yaya hakukuwa hata na kipande ya karatasi.