Je, wajua kwa nini chumvi ya Bagamoyo hutiwa madini joto?

Ukipita kwenye mashamba ya chumvi pembezoni mwa Bagamoyo utaona maji ya bahari yamefungiwa kwenye majaruba ya kina kifupi, jua likiyakausha mpaka chumvi ibaki chini. Hapo swali huja lenyewe, na ni swali la haki: chumvi hii imetoka baharini moja kwa moja, ya nini tena kuiongezea madini joto?

Wengi watajibu: kuzuia rovu, ule uvimbe wa shingoni. Ni kweli, lakini rovu ndilo dogo. Kubwa limo kichwani mwa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Madini joto huchukuliwa na tezi ya thairoidi, iliyopo shingoni, kutengenezea homoni. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo unaokua, ikaingia ndani ya kiini cha seli na kuamsha jeni ambazo bila yake zingelala. Baadhi ya jeni hizo ndizo zinazoiwezesha seli ya neva kutoa matawi.

Seli ya neva inapozaliwa haina matawi na haijaungana na yeyote. Kwanza hutoa uzi mmoja mrefu, aksoni, wa kupeleka ujumbe, kisha matawi ya kupokea, yaani dendriti. Ncha ya aksoni husonga yenyewe: hunyoosha nyuzi nyembamba mno huku na huku, ikipapasa kemikali zilizo njiani. Zipo kemikali zinazoivuta na zipo zinazoifukuza, na kwa kufuata hizo inafika inakotakiwa. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo mwaka 1890, akitazama vijusi vya kuku. Seli alizoziona zilikuwa zimekufa na kutiwa rangi, lakini alisadiki kwamba zikiwa hai zinatembea. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison akaotesha neva ya kijusi cha chura nje ya mwili, akaziona nyuzi zake zikirefuka chini ya darubini.

Seli ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Purkinje, iliyopewa jina la Mcheki Jan Purkyně aliyeieleza mwaka 1837. Imo kwenye serebela, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, inayosaidia mwendo na mizani ya mwili. Matawi yake hutandazika bapa kama pepeo la ukili. Kwenye utandazi huo hupita nyuzi za seli nyingine, na zaidi ya 100,000 kati ya hizo hushikana nayo. Mahali zinaposhikana ndipo panapoitwa sinapsi, na hapo ndipo ujumbe unapovuka.

Uzi mwingine, mnene zaidi, huipanda seli hiyo hiyo kwa chini. Mwanzoni huja kadhaa, kila mmoja na sinapsi zake, halafu huanza kushindana. Ule ambao ujumbe wake unaitikiwa vizuri zaidi huimarika, wengine hudhoofika na kuondolewa, hatimaye hubaki mmoja tu. Kwa hiyo ubongo haujengwi kwa kuongeza peke yake. Huzidisha, kisha hupunguza.

Panya wachanga walionyimwa homoni ya thairoidi wametuonyesha kinachotokea ikikosekana. Seli ya Purkinje haitandazi: matawi hubaki mafupi, na sinapsi huwa chache. Wakipewa homoni siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, sehemu kubwa ya hasara hurekebika. Wakicheleweshewa, haisaidii tena.

Kwa binadamu, saa hiyo huanza tumboni. Katika nusu ya kwanza ya mimba, tezi ya mtoto bado haijaweza kujitegemea, hivyo hutumia homoni ya mama, pengine hata kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito.

Sasa turudi kwenye majaruba. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani mikrogramu 60 za madini joto na gramu 35 za chumvi. Hata kama yote yangebaki kwenye chumvi, na hayabaki, gramu 5 za kula kwa siku zisingefikisha mikrogramu 9. Mtu mzima anahitaji 150, mjamzito 250. Chumvi iliyotiwa miligramu 20 hadi 40 kwa kila kilo hutoa mikrogramu 100 hadi 200 katika gramu hizo 5, mradi isiachwe wazi ikapata unyevu na jua. Kinachopungukia mjamzito kisitafutwe kwa kuzidisha chumvi, maana hiyo hupandisha shinikizo la damu. Atakipata kwa samaki wa baharini, mayai na maziwa, na kliniki wakimwandikia vidonge vyenye madini joto, asiviache.